Duka lisilo na keshia: piga hesabu kabla ya kuvuka mlango

Kwa Mangi, duka la mtaani, au kwenye kaunta ya supamaketi pale Mlimani City, Dar es Salaam, kuna dakika moja ambayo wengi huichukulia poa: unatajiwa jumla, unatupia jicho vitu vyako, na kama kuna kilichozidi unakirudisha kabla hela haijatoka. Duka lisilo na keshia linaondoa foleni, na dakika hiyo inaondoka nayo. Hela inakatwa kwanza, ubishi unafuata. Hasara nyingi za mnunuzi zinaanzia hapo.

Mfumo uliovuma zaidi ulikuwa wa Amazon Go, duka la kampuni ya Amazon lililofunguliwa kwa umma mjini Seattle, Marekani, Januari 2018. Mteja anaskani simu mlangoni, anachukua anachotaka, anatoka. Kamera za darini zinamfuata, na mizani iliyofichwa ndani ya rafu inapima kilichopungua. Kompyuta inaunganisha taarifa hizo mbili: gramu 500 zimetoka sehemu ya sukari, mkono uliokuwa karibu ni wako, basi unaandikiwa wewe.

Sasa tazama inavyokosea. Mfuko wa sembe wa kilo 2 na wa dona wa kilo 2 kutoka kiwanda kimoja vina uzito sawa na rangi zinazokaribiana. Mizani haiwezi kuvitofautisha, inabaki kazi ya kamera, na kamera ikizibwa na bega la mtu mwingine inabaki kubahatisha. Ukirudisha mfuko kwenye rafu isiyo yake, mfumo unaweza kuendelea kuuhesabu kuwa uko kwako. Ukimsaidia jirani kushusha kopo la juu, huenda likaingia kwenye bili yako, kwa sababu aliyelitoa rafuni ni wewe. Na watoto mlioingia nao kwa simu moja, kila wanachobeba ni chako, hata biskuti uliyokataa.

Zipo pia kaunta za kujiskania mwenyewe, na vibandiko vya redio vinavyowezesha bidhaa zote kusomwa kwa mpigo. Vibandiko hivyo vinafaa nguo kuliko vyakula; chuma na vimiminika huvuruga mawimbi, kwa hiyo kreti ya soda za kopo ni mtihani.

Amazon yenyewe ilieleza kwamba wapo wafanyakazi wanaopitia vipande vya video vya baadhi ya manunuzi ili kuthibitisha hesabu. Ndiyo maana risiti inaweza kuchelewa, nawe uko nyumbani unapika. Aprili 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuuondoa mfumo huo kwenye supamaketi zake za Amazon Fresh nchini Marekani na kutumia zaidi matoroli yenye skrini. Sababu moja iliyotajwa: wateja walitaka kuona bili yao wakati wananunua. Dakika ya kaunta, kwa maneno mengine, imerudishwa kwenye toroli.

Kwetu suala gumu zaidi ni malipo. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, unaweka namba ya siri kila muamala, na hicho ndicho kizuizi chako. Duka la kuchukua na kuondoka litakuomba moja kati ya mawili: uweke hela mapema kwenye programu yake, au uruhusu ikate yenyewe. Chagua la kwanza, na weka kiasi cha manunuzi ya siku hiyo tu. Kibali cha kukata bila kikomo kwenye kadi ya akaunti ya mshahara si cha kutoa, hata kwa ofa nono kiasi gani.

Ukiwa ndani, piga picha ya bei rafuni, hasa bei ikiwa kwenye kibao cha kielektroniki, maana hubadilishwa kutoka ofisini kwa sekunde. Rudisha kitu palepale ulipokitoa. Kabla ya kutoka, jumlisha kwa simu. Ujumbe wa programu usiuhesabu kuwa risiti. Dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya muuzaji, uihakiki kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato.

Duka likitaka uso au kiganja chako, jua kwamba nenosiri likiibwa unabadilisha, uso hubadilishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za kibaiometria (za mwili, kama uso na kiganja) kwenye kundi la taarifa nyeti, na ridhaa uliyoitoa unaweza kuiondoa. Uliza wanazihifadhi kwa muda gani na nani mwingine anapewa. Asiye na simu janja anabaki nje kabisa. Jiji la Philadelphia, Marekani, lilipiga marufuku maduka mengi kukataa fedha taslimu mwaka 2019, kwa ajili ya wasio na akaunti ya benki au kadi.

Ukikatwa zaidi, anza na duka, kwa maandishi. Hela isiporudi, nenda kwa benki au mtandao wako wa simu, kisha Benki Kuu; mambo ya taarifa binafsi yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fanya hivyo siku hiyohiyo, ukitaja saa, rafu na bidhaa, kwa sababu video ya kukutetea anayo muuzaji na inaweza kufutwa.