Kipimo kisichoona pesa

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za umaskini, na kila mara naulizwa: kuzipa familia maskini pesa mkononi, je, kunapunguza umaskini wa watoto? Kabla ya kujibu, huuliza umepimwa kwa kipimo gani.

Marekani ni mfano mzuri. Kipimo chao rasmi, kilichobuniwa miaka ya 1960 kwa kuzidisha gharama ya chakula mara 3 ili kupata mstari wa umaskini, huhesabu mapato ya fedha kabla ya kodi. Unafuu wa kodi hakiuoni, msaada wa chakula hakiuoni. Kwa kipimo hicho, watoto maskini walikuwa asilimia 15.3 mwaka 2021 na 15.0 mwaka 2022. Ukiishia hapo utaapa kwamba hakuna kilichotokea.

Kumbe yalitokea makubwa. Mwaka 2021 unafuu wa kodi kwa kila mtoto, yaani pesa ambayo serikali humpunguzia mzazi kwenye kodi au kumlipa mkononi, ulipanda kutoka dola 2,000 hadi 3,600 kwa walio chini ya miaka 6, na 3,000 kwa wakubwa wao. Nusu yake ililipwa kidogo kidogo kila mwezi, Julai hadi Desemba. Lakini kwangu mimi uzito haukuwa kwenye kiwango: safari hii hata mzazi asiye na kipato alipewa zote. Awali, wa chini kabisa ndio walioambulia kidogo au kukosa kabisa.

Kipimo cha pili, kinachojumlisha misaada na kuondoa kodi na gharama za matibabu, kilionyesha watoto maskini wakishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2 mwaka 2021. Nyongeza ikakoma, na mwaka 2022 kikaruka hadi 12.4. Si unafuu huo peke yake, maana ruzuku za korona nazo zilikuwamo, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa.

Je, pesa hizo humjenga mtoto? Hapo ndipo naposita. Kuna jaribio lililowapa baadhi ya mama 1,000 wenye watoto wachanga dola 333 kwa mwezi, wengine dola 20, wakigawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 4, watoto wa makundi hayo mawili hawakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika katika lugha wala tabia. Wanaopinga ruzuku walishangilia. Mimi nakumbuka kwamba korona iliingia katikati ya jaribio, na misaada ya serikali ikawafikia mama wa pande zote mbili.