"Ni ganzi tu, kama ya jino": yasemwayo kuhusu kunyonya mafuta ukiwa macho

Anayetaka kunyonywa mafuta ya mwilini lakini anaogopa nusu kaputi huambiwa hivi: "Usijali, hulazwi. Ni sindano ya ganzi tu, kama ya jino." Nusu yake ni kweli. Dawa ni ileile, lignokeini, ambayo vitabu vingine huiita lidokeini. Ila kwenye jino zinaingia mililita chache. Kwenye tumbo au mapaja yanaingia malita ya maji ya chumvi yaliyotiwa lignokeini, adrenalini na baikaboneti ya kupunguza mwasho, mpaka ngozi inatuna na kukaza kama kiriba. Njia hiyo ilibuniwa na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, aliyeichapisha mwaka 1987.

Wengine wanasema kinyume: dozi kubwa hivyo lazima iue. Kikomo cha kawaida cha lignokeini yenye adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, yaani 420 kwa mtu wa kilo 60. Mwaka 1990 Klein alitetea miligramu 35 kwa kilo, na mtu yuleyule akafikia 2,100. Inawezekana kwa sababu dawa imezimuliwa sana, adrenalini inabana mishipa, na mafuta yenyewe hayana damu nyingi, kwa hiyo inaingia mwilini polepole. Ichome bila kuizimua, hesabu hiyo haipo tena.

Na huo upolepole ndio unaozaa dhana ninayoiona mbaya kuliko zote: kwamba ukishuka kitandani unatembea, umepona. Lignokeini hufika kileleni kwenye damu saa 12 hadi 16 baadaye. Umefanyiwa saa nne asubuhi? Kilele ni usiku, ukiwa kwako. Midomo kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, ulimi kuwa mzito: rudi hospitali hapohapo, kabla ya degedege au moyo kuyumba. Usilale peke yako usiku huo. Na mtajie daktari kila dawa unayotumia, hata ile unayoificha: ritonavir iliyomo kwenye baadhi ya ARV, na antibayotiki iitwayo klarithromaisini, huchelewesha ini kuisafisha lignokeini.

"Basi hata saluni wanaweza." Hapana. Panahitajika oksijeni, dripu, mtu anayejua kufufua, na chupa ya mafuta meupe ya kupitishwa mshipani, maana (ajabu kweli) anayezidiwa na lignokeini huokolewa kwa mafuta.

Je, unasikia maumivu? Ganzi ikikolea utasikia kusukumwa na kuvutwa, pengine kuchoma kidogo kanula, ule mrija wa kunyonyea mafuta, ikigusa pembeni. Kuwa macho kuna faida: unaweza kugeuka ukiambiwa, na unaweza kusema midomo inawasha. Aliyeongezewa dawa nzito za usingizi hasemi kitu.

Kuhusu kupunguza kilo, sitakawia. Kinachonyonywa ni mafuta ya chini ya ngozi. Yale yanayozunguka utumbo na ini yanabaki. Utafiti mmoja wa 2004 uliwafuata wanawake 15 waliotolewa takribani kilo 10 za mafuta, na sukari na presha zao hazikuwa nafuu.

Halafu yale majimaji ya rangi ya waridi yanayovuja kwenye vitundu ilimopita kanula siku ya kwanza na ya pili, yanayowatia watu kiwewe: mengi ni yale maji ya ganzi yanayotoka. Tandika kanga kuukuu juu ya godoro.