Je, wajua kwa nini waimbaji wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, waliacha kupaza sauti?

Msikilize mwimbaji na mpiga piano Leroy Carr katika santuri yake ya kwanza, "How Long, How Long Blues", iliyorekodiwa Indianapolis, Marekani, Juni 1928. Piano inatembea taratibu, bila haraka yoyote. Gitaa la Scrapper Blackwell linadonoa noti mojamoja kandokando yake. Kisha Carr anaingia na kuuliza: treni ya jioni imeondoka tangu lini? Hapigi kelele. Ungedhani ameketi kiti cha pili kutoka ulipo, anakueleza kuwa mpenzi wake ameondoka.

Siri moja ni mtambo wa kurekodi. Kabla ya 1925, mwanamuziki aliimba mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano ichonge nta. Ukiimba kwa upole, hakichongeki kitu. Waimbaji wengi wa bluzi, tena, walikuwa wamezoea mahema na kumbi ambako sauti ilipaswa kumfikia aliyekaa nyuma kabisa. Kipaza sauti cha umeme kilipoingia studio, Carr alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika bluzi kukitumia kama sikio la mtu.

Lakini mtambo peke yake haumfanyi mtu akumbukwe. Carr alitunga kwa uangalifu, beti zikishikana hadi zikawa kisa kimoja, wakati wengi waliokota beti za huku na huku. Hilo ndilo linalonigusa zaidi kwake.

Alirekodi zaidi ya nyimbo 100 kwa takriban miaka saba, huku pombe ikimla. Februari 1935 alirekodi "When the Sun Goes Down", yaani "Jua Linapozama". Aprili akafariki kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka 30 hivi.

Gwiji wa bluzi Muddy Waters alijifunzia gitaa kwa "How Long". Upole ule wa piano na sauti unausikia kwa waimbaji wapiga piano Charles Brown na Nat King Cole, na mwaka 1963 mwenzao Ray Charles aliurekodi upya wimbo ule wa machweo. Mpiga gitaa wa bluzi Robert Johnson naye alishika mtindo wa wimbo huohuo, akatunga "Love in Vain" mwaka 1937, ambao bendi ya Uingereza Rolling Stones iliuimba 1969. Ndani yake mna treni tena. Safari hii tuko palepale stesheni, sanduku mkononi, tukitazama taa mbili za nyuma zikienda zake.