Bibi kauliza: kibofu ndo kinaumwa, damu ya mkononi ya nini?

Juzi hapa maabara Chake Chake, Pemba, kaja bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka tisa anakojoa damu, mkojo tushautazama na mayai ya kichocho yamejaa tele, sasa daktari kaandika na damu ipimwe. Nikamwamkia, nikashika sindano, bibi akanizuia mkono: "Mwanangu, maradhi yako kibofuni, sasa hiyo ya mkononi mwaitakia nini?"

Swali zuri sana hilo, natamani wazazi wote waulize hivyo.

Nilipomaliza kupaka damu kwenye kioo nikamwita achungulie kwenye darubini. Mtoto mwenye afya ukihesabu chembe nyeupe za damu 100, eosinofili, zile zenye punje rangi ya chungwa na kiini kama miwani, unazikuta mbili tatu, tano nyingi. Za huyu zilikuwa 22. Na hakuna hata moja iliyozaliwa kibofuni, zote zimetoka kwenye uboho, ndani ya mifupa. (Sio ule mweupe tunaoufyonza kwenye makongoro, ule wa ng'ombe mkubwa mwingi ni mafuta, uboho unaofanya kazi kwa mtu mzima ni mwekundu, uko nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kifua.)

Inavyokuwa, mnyoo jike anataga kwenye vishipa vinavyozunguka kibofu, mayai yanakwama ndani ya nyama, chembe za kinga zinazoyakuta zinatoa kemikali moja inaitwa interlukini 5, hiyo inasafiri na damu mpaka ndani ya mfupa na uboho unaongeza eosinofili. Zinakomaa kama wiki hivi, zikitoka kwenye damu zinakaa masaa tu, hazimalizi siku, zishaingia kwenye kibofu kuyazingira mayai. Kwahiyo mie mkononi nazidaka zikiwa njiani.

Lakini uboho hauamui kila kitu, na hapa ndo napenda sana. Chukua monosaiti, chembe nyeupe nyengine, inatoka uboho ule ule mmoja, ikiingia utumbo inageuka makrofeji, yaani chembe mlaji, tena mpole, anameza vijidudu kimya kimya bila kuwasha uvimbe, maana utumbo wenyewe umejaa bakteria, ukiwaka kila saa mtu hali chakula. Ikiingia kwenye kidonda kibichi inakuwa kali. Nyama inayoipokea ndo inaifundisha kazi. Na kuna sehemu hazingoji uboho kabisa, makrofeji wa ubongo walifika huko mtoto akiwa tumboni hata uboho haujaanza kazi, na wanajizalisha wenyewe huko huko.

Uboho pia unakumbuka. Ile BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopigwa mtoto begani akizaliwa, tafiti za panya na baadae za watu zimeonesha inagusa mpaka seli mama za uboho, zile zinazozaa chembe za damu, miezi inapita na monosaiti zinazotoka bado zina ukali zaidi hata kwa vijidudu vyengine visivyohusiana na kifua kikuu. Ndo maana nikisikia mtu anachelewesha chanjo ile naumia kweli.

Mtoto kapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kakatazwa kuoga mtoni. Bibi nimemwambia wakirudi baada ya wiki tatu asishtuke akiona 22 imepanda, minyoo ikifa inamwaga vitu vyake kwenye damu, na uboho unasikia.