Wadudu hai bandani: makinda, kalsiamu na beseni la funza

Kwera, minana na vile vindege vya buluu vya jamii ya Uraeginthus hula mbegu karibu mwaka mzima, na hapo ndipo mfugaji anapodanganyika. Makinda wakishaanguliwa, wazazi huugeukia mdudu, kwa sababu kinda wa siku tatu hawezi kujenga misuli na manyoya kwa mbegu kavu za ulezi. Wakikosa wadudu, asubuhi utaokota kinda chini ya kiota, hana jeraha lolote, kifuko cha chakula shingoni kitupu: wazazi wamemtupa. (Chiriku ni tofauti kidogo, hulea vizuri kwa mbegu zilizolowekwa hadi zikaanza kuchipua.)

Mdudu rahisi kuzalisha nyumbani ni funza wa unga, buu wa mbawakawa mweusi Tenebrio molitor. Tafuta beseni la plastiki lenye kuta laini, upana wa sentimita 30 kwa 40 hivi. Weka pumba za ngano kina cha sentimita 6, kisha mbawakawa 200 hadi 300. Maji usiweke, vipande vya karoti au viazi vinatosha, navyo vitolewe kabla ya kuota ukungu. Funika kwa chandarua. Kila baada ya wiki mbili chekecha, hamishia mbawakawa kwenye beseni jipya, na lile la zamani liache limetulia: mayai yamo ndani ya pumba. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28 yataanguliwa ndani ya wiki moja au mbili, na funza atachukua miezi miwili au mitatu kufikia ukubwa wake kamili. Kwa hiyo anza kuzalisha mapema, ndege wasije wakakutangulia kutaga.

Kinachoua mabeseni mengi, hasa Pwani, ni unyevu. Pumba zikishika maji huja utitiri, vumbi la rangi ya kahawia linalotembea kwenye ukingo wa beseni. Ukiliona, chekecha funza wote, tupa pumba, osha beseni na ulikaushe juani. Pumba mpya zikae kwanza kwenye friza siku tatu, kisha uziache zirudie joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa, zisitoe jasho. Sisimizi nao wazuie kwa kusimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa. Funza wa unga ana protini na mafuta ya kutosha, lakini fosforasi yake huzidi kalsiamu mara saba na zaidi, ilhali kinda anayekua anahitaji kalsiamu iwe juu ya fosforasi. Ukimlisha funza watupu, utamwona ananenepa vizuri hadi karibu siku ya kutoka kiotani, kisha miguu inatanuka pembeni, mdomo unabonyea kama mpira, na anashindwa kushika kijiti. Hayo ni matege, na mifupa ikishapinda hainyooki tena.

Dawa yake ni kumlisha mdudu kwanza. Chukua kilo moja ya chakula cha vifaranga kilichosagwa laini, changanya na gramu 250 za chokaa ya mifugo, yaani unga wa mawe ya chokaa. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta, inaunguza. Wala DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi wa kuchanganya kwenye chakula cha mifugo), kwa sababu inaongeza fosforasi ileile unayoikimbia. Weka humo funza wa kulisha tu, saa 24 hadi 48, pamoja na kipande cha karoti. Wakizidi hapo huanza kufa, ndiyo maana mchanganyiko huu haufai kwenye beseni la kuzalishia. Bandani tundika pia kigamba cha dome, yule mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, ambacho watu wa Pwani hukiokota ufukweni bure, na hakikisha sehemu ya banda inapata jua la asubuhi: bila vitamini D3 kalsiamu hiyo haiingii mwilini.

Kwa makinda chagua funza waliojivua gamba muda huohuo. Ni weupe kama maziwa, na ukimbonyeza mmoja kwa kidole unahisi ulaini, wala hasikiki akikwaruza bakuli. Yule wa kahawia ana gamba gumu, tumbo la kinda dogo linahangaika naye. Jozi moja yenye makinda ninaipimia wadogo 10 hadi 15 kwa mlo, milo minne kwa siku, wa kwanza kukipambazuka tu. Tumia bakuli laini lenye ukuta wa sentimita 5, la sivyo watatambaa nje. Makinda wakishaanza kujilisha, punguza hadi wawili au watatu kwa ndege kwa siku. Ukiendelea kumwaga wadudu, dume hupandwa na hamu ya kuzaliana upya na kuwafukuza makinda ambao hawajakomaa.

Buu wa nzi askari mweusi, yule wa BSF, ndiye pekee kati ya hawa mwenye kalsiamu nyingi kiasili. Kwa kanga na tausi wadogo nampendelea kuliko funza wa unga. Kwa vindege vidogo chukua wa siku tano au sita, kabla ngozi haijakomaa. Mchwa nao ni wazuri sana: jaza chungu mabua na samadi kavu, lowesha kidogo, kipindue mdomo chini juu ya njia yao jioni, asubuhi kikung'ute. Askari wenye taya kubwa watoe, huuma makinda.

Wadudu wa porini wana masharti. Usichukue kwenye shamba lililopigwa dawa. Panzi wa rangi kali wanaoshambulia mihogo ni sumu. Chini ya taa msimu wa mvua, jihadhari na yule mdudu mwembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi anayebabua ngozi. Mbawakawa wa kwenye samadi ya kuku hubeba tegu. Na funza wa mzoga usiwaguse kabisa: hukusanya sumu ya botulizimu bila wao kudhurika, na ndege akiwala shingo hulegea, kichwa kikaanguka chini, akafa kwa kushindwa kupumua.