Mshauri anayekwambia upumue taratibu hakutawali akili

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: eti mshauri nasaha akikwambia kwa simu ya video ufumbe macho, upumue taratibu au ukaze na kulegeza misuli, anakupumbaza ili akutawale. Tena eti tiba ya mwili, yaani kutuliza hofu kupitia mwili, haiwezekani bila kuguswa.

Si kweli. Hofu haikai kichwani tu; moyo hudunda, mabega hukakamaa, tumbo husokota. Ndiyo maana baadhi ya washauri huchanganya mazungumzo na mazoezi ya mwili, ambayo unayafanya mwenyewe, macho wazi ukipenda, na unaacha utakapo. La kukaza na kulegeza misuli linajulikana tangu miaka ya 1920. Jaribu sasa: shika mapigo ya mkono, kisha toa pumzi polepole. Wengi huhisi yakipungua kasi.

Linalochanganya ni neno “mwili”. Tukilisikia tunawaza masaji. Matapeli nao wapo, kwa hiyo muulize mshauri amesomea na kusajiliwa wapi, kisha uhakikishe huko huko. Anayekutaka uvue nguo mbele ya kamera, mkatie simu.

Ila ujumbe ule tafadhali usiusambaze. Huenda ukamfikia mtu ambaye ndiyo kwanza amepata ujasiri wa kuomba msaada.