Mkurugenzi wa Programu katika Wakfu Unaotoa Ruzuku: Ni Nani na Huamua Nini

Mkurugenzi wa programu katika wakfu unaotoa ruzuku ni kiongozi anayeamua, au anayependekeza kwa bodi ya wadhamini, fedha za taasisi yake zishughulikie tatizo lipi, kwa njia ipi, kupitia asasi zipi na kwa muda gani. Hajengi zahanati, hachimbi visima wala hafundishi wakulima. Kazi hizo hufanywa na wapokea ruzuku, ambao baadhi yao hukutana naye mara moja tu katika uhai wote wa mkataba. Jina la cheo hubadilika: katika wakfu kubwa za Marekani anaweza kuitwa makamu wa rais wa programu au mkurugenzi wa mikakati, na chini yake wakawepo maafisa programu kadhaa, ilhali katika mfuko mdogo wa Nairobi au Dar es Salaam mtu mmoja huitwa meneja wa ruzuku na papo hapo akabebeshwa ufuatiliaji na tathmini.

Ili kuielewa nafasi hii ni lazima kwanza kujua fedha zinakotoka. Wakfu mkubwa wa faragha huwa na mtaji wa kudumu uliowekezwa katika hisa, hati fungani na mali nyingine, na kinachotolewa ruzuku kila mwaka ni sehemu tu ya thamani yake. Ndivyo zilivyo Carnegie Corporation iliyoanzishwa mwaka 1911, Rockefeller Foundation ya 1913 na Ford Foundation ya 1936. Sheria ya kodi ya Marekani huzitaka wakfu za aina hii zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zilizowekezwa, gharama halali za kuendesha kazi hiyo zikihesabiwa humo. Wakfu wenye dola bilioni 1, basi, hutakiwa kutoa karibu dola milioni 50 kwa mwaka, mawazo mazuri yawepo au yasiwepo. Serikali inayofadhili miradi ya nje hupangiwa bajeti na bunge lake, na kampuni huadhibiwa na wateja wake. Wakfu haupigiwi kura na hauna mteja wa kuuhama. Pengo hilo hujazwa na mkurugenzi wa programu, na kwa sababu hiyo cheo chenye jina la kiofisi tu hubeba mamlaka makubwa kuliko kinavyosikika.

Msomaji wa pwani anayeufahamu wakfu wa Kiislamu ataiona tofauti upesi. Mtawalli wa shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa msikiti hufungwa na sharti la mwenye kuuweka: mapato ni ya msikiti, na kazi yake ni kuyalinda na kuyafikisha. Waasisi wa wakfu za Marekani waliacha mara nyingi masharti mapana mno. Hati ya Rockefeller Foundation inataja ustawi wa binadamu duniani kote, maneno yanayoweza kubeba karibu kila kitu, kuanzia chanjo hadi tamthilia, na anayeyapa maana mwaka hadi mwaka si mwasisi aliyekwisha kufa bali ni wafanyakazi wa programu na bodi inayowasikiliza.

Mkakati, katika fani hii, si orodha ya mambo mema. Ni dai kuhusu chanzo: kwamba tatizo fulani linaendelea kwa sababu fulani, kwamba sababu hiyo inaweza kuguswa kwa kiasi cha fedha kilichopo, na kwamba ikiguswa, mengine yatafuata bila wakfu kuyalipia. Mnyororo huo wa hoja huitwa nadharia ya mabadiliko, nao huchorwa kwa visanduku na vishale ambavyo, kusema kweli, mara nyingi huficha zaidi ya vinavyoonyesha. Kinachofaa kuulizwa ni kama dai lenyewe linaweza kuonekana kuwa na makosa. Anayeandika kwamba ataboresha elimu ya wasichana hawezi kukosea, na kwa hiyo hajajiongoza popote. Anayedai kwamba wasichana wa wilaya fulani huacha sekondari kwa sababu ya umbali zaidi kuliko kwa sababu ya ada amejifunga: atafadhili mabweni, na atakataa maombi ya kulipia ada hata yale yaliyoandikwa kwa ustadi. Kukataa huko ndiko sehemu kubwa ya kazi, ingawa tangazo la ajira halikutaji.

Mfano wa zamani wenye mengi ya kujifunza ni wa Warren Weaver, mwanahisabati aliyeongoza kitengo cha sayansi asilia cha Rockefeller Foundation kuanzia 1932 hadi 1955. Weaver aliamini kwamba biolojia ingepiga hatua endapo ingeazima vyombo na mbinu za fizikia na kemia, na kwa imani hiyo akazipunguzia fedha fani nyingine ambazo wakfu ulikuwa umezoea kuzisaidia. Katika ripoti ya mwaka 1938 alilipa eneo hilo jina la biolojia ya molekuli, jina ambalo limebaki hadi leo. Yeye na maafisa wake walisafiri kutoka maabara moja hadi nyingine, wakaandika kila siku katika shajara nani anafanya nini na nani ana kijana hodari asiye na mshahara. Mwaka 1939 ruzuku ya wakfu ilimwezesha mwanafizikia Lawrence Bragg wa Chuo Kikuu cha Cambridge kumlipa Max Perutz, mtafiti kutoka Vienna aliyekuwa akichunguza umbo la hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Perutz alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962, yaani miaka 23 baadaye, wakati Weaver alikuwa ameshaondoka katika kitengo hicho. Ripoti ya nusu mwaka yenye viashiria kumi na viwili isingeona lolote la kusifu katika ruzuku ile kwa muda mrefu sana.

Karibu zaidi na nyumbani yupo Akinwumi Adesina, mchumi wa kilimo wa Nigeria, ambaye wengi wanamjua kama rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kati ya 2015 na 2025 bila kujua kwamba sehemu kubwa ya ujana wake wa kazi ilipita ndani ya Rockefeller Foundation. Katika ofisi ya Nairobi, alikokuwa mkurugenzi mshiriki wa usalama wa chakula kuanzia 2003, swali lililokuwa mezani lilikuwa kwa nini mbegu bora zilizokwisha kupatikana katika vituo vya utafiti haziwafikii wakulima wadogo. Zipo sababu nyingi zinazoweza kutajwa, na kila moja ingezaa mkakati wake: bei, mvua, barabara, mikopo, elimu. Jibu lililochaguliwa lilikuwa duka. Mkulima alitembea mwendo mrefu kufuata mfuko wa mbegu, na alipofika alikuta mfuko mkubwa asioweza kuununua na muuzaji asiyejua maelekezo ya dawa anayoiuza. Ruzuku zikaelekezwa basi katika kuwafunza wenye maduka ya vijijini, kuwadhamini kwa wasambazaji ili wapate mali kwa mkopo, na kuhimiza vifungashio vidogo, kazi iliyofanyika katika nchi kama Malawi na Kenya. Mawakala wa pembejeo ambao wakulima wa Tanzania waliwazoea wakati wa vocha za ruzuku zilizoanza mwaka 2008 ni watu wa mfumo huohuo.

Ni muhimu kuona pia kilichofuata, kwa kuwa mkakati ukikua hutoka mikononi mwa aliyeuandika. Mwaka 2006 mkutano wa mbolea wa Abuja, ambao wakfu ulishiriki kuuandaa, uliweka lengo la kupandisha matumizi ya mbolea Afrika kutoka kilo 8 hadi kilo 50 kwa hekta kufikia 2015. Mwaka huohuo Rockefeller Foundation na Gates Foundation ziliunda AGRA, muungano wa kuendeleza mapinduzi ya kijani ya kilimo Afrika wenye makao makuu Nairobi, kwa kuanzia na dola milioni 150. Adesina alihamia huko kama makamu wa rais, kisha akawa waziri wa kilimo wa Nigeria. Dai la awali, kwamba kikwazo ni upatikanaji, lilikuwa limegeuka kuwa mwelekeo wa bara zima, na upinzani nao ukakua kwa kiwango hicho: mwaka 2021 muungano wa kutetea uhuru wa chakula Afrika, AFSA, uliwataka wafadhili waache kuifadhili AGRA, ukidai kwamba mkazo wa mbegu za viwandani na mbolea umewaacha wakulima na madeni na udongo uliochoka. Mtu anaweza kuafiki upande wowote. Kwa maana ya dhana tunayoieleza, linalohusika ni kwamba uchaguzi wa sababu moja kati ya nyingi, uliofanywa na watu wachache katika ofisi moja, ulikuja kugusa sera za serikali ambazo hazikuuliza swali hilo zenyewe.

Mzunguko wa ruzuku wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Asasi hutuma andiko la awali, ikikubaliwa huandika andiko kamili la mradi na bajeti, hufanyiwa uhakiki wa usajili, hesabu na uongozi, kisha afisa huandika waraka wa mapendekezo kwa ajili ya bodi. Baada ya hapo hufuata mkataba, malipo kwa awamu na ripoti. Sheria za nchi huongeza hatua zake. Tanzania, kwa mfano, kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali yawasilishe kwa Msajili na Hazina mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20.

Uamuzi mzito uliojificha ndani ya mzunguko huo ni wa aina ya fedha. Ruzuku ya mradi hulipia shughuli zilizotajwa tu, na asasi inayoishi kwa ruzuku za namna hiyo hujikuta ina semina nyingi na haina mhasibu wa kudumu. Ruzuku ya msingi huiachia asasi iamue yenyewe, ikiwemo kulipa kodi ya ofisi na mishahara. Ford Foundation chini ya Darren Walker, aliyekuwa rais wake kuanzia 2013 hadi 2025, ilianzisha mwaka 2016 mpango uitwao BUILD wa kutenga dola bilioni 1 kwa ruzuku za miaka mitano zenye uhuru wa matumizi na fedha za kuimarisha taasisi. MacKenzie Scott, tajiri wa Marekani anayegawa mali yake, amekwenda mbali zaidi tangu 2020, akitoa mabilioni ya dola bila kudai matumizi maalumu wala msururu wa ripoti. Kwa maoni yangu mafanikio ya njia hizi yanawauliza wakurugenzi wa programu swali lisilopendeza, nalo ni kiasi gani cha masharti wanayoyaandika husaidia kazi, na kiasi gani husaidia tu kuonyesha kwamba ofisi yao inahitajika.

Ugumu mwingine ni wa habari. Mwenye kutoa fedha huambiwa anachotaka kusikia. Asasi iliyoshindwa katika robo ya kwanza huandika kwamba imepata mafunzo. Mradi usiofika vijiji vyote huwa umelenga maeneo ya kimkakati. Mkurugenzi hodari hutengeneza njia za kuzunguka heshima hiyo: huzungumza na walioacha kazi katika asasi, huwauliza maafisa wa halmashauri, hutoa nyongeza ya fedha kwa aliyeeleza kushindwa kwake mapema, na hutembelea bila msafara. Wengi hawafanyi hivyo, na baada ya miaka michache huanza kuamini kwamba vichekesho vyao ni vizuri kwa sababu kila mtu hucheka.

Njia za kufikia nafasi hizi hazifanani. Susan Berresford aliingia Ford Foundation mwaka 1970, akapanda ngazi za ndani hadi kuwa rais kati ya 1996 na 2007. Judith Rodin aliiongoza Rockefeller Foundation baada ya kuwa rais wa chuo kikuu cha Pennsylvania. McGeorge Bundy alitoka Ikulu ya Marekani mwaka 1966 kwenda kuiongoza Ford Foundation, na ruzuku za kipindi chake, zikiwemo zile walizopewa wasaidizi wanane wa Seneta Robert Kennedy baada ya kuuawa kwake, zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakasirisha wabunge hadi ikapitishwa sheria ya mwaka 1969, ambayo mpaka sasa huzibana wakfu katika siasa, katika kunufaisha watu wa ndani na katika kuwapa watu binafsi fedha. Afrika Mashariki, wengi hutokea katika asasi za kiraia zenyewe, ukaguzi wa hesabu au utafiti, na hupata uzoefu wao katika taasisi za hapahapa kama Foundation for Civil Society ya Tanzania au Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa nia ya kukusanya na kugawa rasilimali za jamii za Wakenya. Waliowahi kuandika maandiko ya mradi na kukataliwa huwa, kwa kawaida, wepesi zaidi wa kujibu barua.

Mkurugenzi mpya hurithi mikataba ya mtangulizi wake na shauku ya kuanzisha mkakati wake mwenyewe, na hapo ndipo madhara mengi hutokea, kwa kuwa asasi iliyojengwa kwa miaka sita juu ya lengo moja huarifiwa kwa barua kwamba lengo limebadilika. Desturi njema ni kutoa ruzuku ya kufungia, ya mwaka mmoja au miwili, isiyo na masharti mapya, pamoja na barua za utambulisho kwa wafadhili wengine. Hutengewa fungu katika bajeti ya mkakati tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kujulikana nani ataipokea, na mwombaji wa kazi hii anayeulizwa katika usaili atatumiaje dola milioni 10 akasahau fungu hilo, wasaili wenye uzoefu huliona pengo hilo kabla hajamaliza jibu lake.